Mzee wa Gazi Anapoingia Hadithini

Gazi ni kijiji cha wavuvi huko Kwale, kati ya Diani na Msambweni, na mgeni anayekwenda huko siku hizi aghalabu amefuata mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja umekitangaza kijiji hicho mbali kuliko ukubwa wake. Katika karne ya 19, hata hivyo, jina la Gazi lilitajwa Unguja, Mombasa na hata London kwa sababu ya mtu mmoja: Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Nyumba aliyokaa ilikuja kutumiwa kama shule, na hapo pana kichekesho kidogo, kwa kuwa shule za Kenya ndizo zilizotuzoesha kumkabili mtu wa hadithini kwa jedwali. Upande mmoja jina la mhusika, upande wa pili sifa zake: jasiri, mkaidi, mwenye tamaa, mwenye utu. Mwanafunzi akizikariri sifa tano na kila moja akaifungia mfano, alama zake anazo.

Hebu mjazie Mbaruk jedwali hilo. Jasiri, ndiyo. Mkatili, ndiyo. Mkarimu kwa jamaa, mkaidi kwa wakubwa, kigeugeu katika ahadi, mmiliki wa watumwa, mpinzani wa wakoloni. Yote ni kweli na yote kwa pamoja hayakuonyeshi mtu. Ndiyo maana namtumia yeye kueleza jambo ambalo waandishi wetu wa riwaya wamelihangaikia kwa muda mrefu, yaani jinsi ya kumfanya msomaji amjue mtu kwa kumwona akiishi badala ya kumjua kwa kutajiwa alivyo. Maisha yake yana kila kitu ambacho mwandishi angetaka, na kila hatua yake inakumbusha mbinu fulani ambayo fasihi ya Kiswahili imeijaribu, wakati mwingine kwa ufanisi na wakati mwingine kwa kubahatisha.

Tuanze 1837. Wamazrui, ukoo wake, walikuwa wameitawala Mombasa kwa takriban karne moja, kwanza kwa niaba ya Oman, baadaye kwa jina lao wenyewe. Mshairi Muyaka bin Haji aliwatungia mashairi ya kuwatia shime dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, na Said alishambulia zaidi ya mara moja kabla hajafaulu. Alipoupata mji, hakupoteza muda. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wengine wa ukoo, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika. Baadhi walikwenda kaskazini, Takaungu. Baadhi wakashuka kusini, Gazi, kwenye nchi ya Wadigo. Katika hao wa kusini alikuwamo mtoto wa Rashid.

Mwandishi mvivu hapa ataandika kwamba mtoto huyo "alikua na kinyongo", kisha aendelee na safari. Neno hilo litamtosha yeye lakini halitamtosha msomaji. Mwandishi anayeijua kazi yake atamketisha mtoto barazani Gazi jioni, watu wazima wanazungumza, na kila wakisema "kwetu" wanakusudia Mombasa. Mahali wanapolala, wanapolima na wanapozika watu wao hapaitwi kwetu. Hakuna anayemwambia mtoto amchukie mtu. Anasikia neno moja likitumiwa vibaya kila siku, na basi. Shafi Adam Shafi alilielewa jambo hili katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Anamfuata Fuad tangu kuzaliwa, tena anatuonyesha wanaomzunguka na kumtumikia, hivi kwamba anapofikia umri wa kutoa amri tunajua alijifunzia wapi kwamba amri haihitaji sababu.

Ukanda huu wa kusini ulikuwa na namna yake ya kumtambulisha mtu hadithini kabla ya riwaya yoyote kuchapishwa. Msimulizi wa ngano, awe Mdigo wa Kinondo au Mvumba wa Wasini, hamwelezi sungura alivyo. Haanzi kwa kusema sungura ni mjanja. Anamleta, anampa jambo la kufanya, kisha anampa sauti, na ni sauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote: nyembamba, ya haraka, yenye unyenyekevu wa uongo. Fisi huletwa na sauti nzito ya pua. Hadhira hujua nani anasema kabla ya jina kutajwa. Edward Steere alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, alihifadhi maneno, lakini sauti haikuingia kwenye karatasi. Nadhani tatizo kubwa la waandishi wetu wa mwanzo lilikuwa hilo hasa. Walirithi mtindo unaomdhihirisha mtu kwa koo la msimulizi, na koo hawakuwa nalo tena.

Shaaban Robert alilitatua kwa majina. Alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga, kwenye pwani ile ile inayoendelea baada ya Vanga, ambako mpaka ni wa serikali zaidi kuliko wa watu. Katika Adili na Nduguze (1952) Adili ni mwadilifu, na nduguze wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hahitaji kungoja sura ya tatu. Katika Kusadikika (1951) mshtaki wa Karama ni Majivuno. Walimu wanaiita mbinu hii majazi, na vitabu vya mwongozo huitaja kama pambo tu. Kwa Shaaban ilikuwa zaidi ya pambo. Jina lilichukua nafasi ya ile sauti ya pua ya fisi: msomaji aliye peke yake na kitabu, bila msimulizi, anaambiwa papo hapo aliyeingia ni nani.

Gharama yake ni kwamba Majivuno hawezi kutushangaza. Hata akikaa kitako alfajiri moja akajuta, jina lake litamkanusha. Karama amenusurika kidogo na hatari hiyo, kwa sababu mbele ya mfalme anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa nchi za mbali, na katika kuwasimulia wengine anajifichua mwenyewe: subira yake, ustadi wake wa kupanga hoja, hata ujanja wa kuwafanya majaji wake wasikilize siku hadi siku. Nimewahi kusikia watu wakimbeza Shaaban kwamba wahusika wake ni maadili yaliyovaa kanzu. Wamsome Karama tena.

Sasa mpe Mbaruk jina la majazi. Mwasi? Waingereza walimpa hilo na likabaki katika ripoti zao. Lakini mwasi dhidi ya nani? Alipambana na masultani wa Unguja mara kadhaa. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa kamanda wa jeshi lake, kumzingira Mwele, ngome ya boma la miti aliyoijenga ndani ya misitu ya vilima nyuma ya pwani. Ngome ilianguka, mwenyewe akaponyoka, na baadaye akarudi Gazi kuishi kama kawaida. Kisha ikaja Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1888, na yule mwasi akakubali kulipwa posho nayo. Kwa miaka kadhaa alikula mshahara wa Wazungu na kuwa rafiki yao wa kuaminika, au walivyotaka kuamini.

Hapa ndipo jedwali la sifa linapovunjika, na ndipo riwaya inapoanza kupata chakula. E. M. Forster katika mihadhara yake ya 1927 pale Cambridge alitenganisha wahusika bapa na wahusika duara, na mgawanyo huo umeingia katika madarasa yetu kama sheria ya nchi. Kipimo chake kilikuwa rahisi: je, mtu huyu anaweza kutushangaza, na mshangao wenyewe ukaaminika? Neno la pili ndilo gumu. Kumfanya mhusika abadilike ghafla ni rahisi mno, na riwaya nyingi za Kiswahili zimejaa walevi wanaotubu katika ukurasa wa mwisho. Kufanya mabadiliko yawe yamekuwapo muda wote bila sisi kuyaona ni kazi nyingine. Mbaruk anayepokea posho ya kampuni ni yule yule wa Mwele. Mtu anayeamini kwamba Mombasa ni yake haoni aibu kulipwa na wapangaji. Huenda kwake ile haikuwa posho bali kodi iliyochelewa.

Namna nyingine ya kumjua mtu ni kusikia anavyosemwa. Kuhusu Mbaruk inasimuliwa mpaka leo kwamba aliwatesa watu kwa moshi wa pilipili: anayehojiwa anafungiwa chumbani, pilipili zinachomwa, mlango unafungwa. Sina haja ya kuamua hapa ukweli wa kila kipande cha kisa hicho. Kinachonivutia ni jinsi kinavyomjenga. Panga linatisha, lakini panga ni la kila mtawala wa zama zile. Pilipili ni kitu cha jikoni, kila nyumba inacho, na aliyekipitisha kisa hiki kwa mwenzake alijua kwamba msikilizaji atakohoa kabla hajamaliza kusikia. Uvumi mzuri huchagua kitu kimoja kidogo na kukishikilia. Mwandishi wa riwaya akiutumia, asiueleze. Awaache wapagazi wawili wautaje kisimani, mmoja acheke, mwingine anyamaze. Huyo aliyenyamaza msomaji atamkumbuka.

Said Ahmed Mohamed ni fundi wa jambo hili katika Utengano, iliyotoka 1980 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya, Kwale ikiwamo. Bwana Maksuudi anapozungumza mbele ya watu ni mheshimiwa, mtu wa maendeleo. Nyumbani kwake mkewe Tamima na bintiye Maimuna wamefungiwa kuta nne. Mwandishi hakatizi hotuba kutuambia kwamba huyu ni mnafiki. Anaiacha hotuba iende mpaka mwisho, kisha anatupeleka nyumbani. Halafu linakuja lile tukio la uzazi. Maksuudi hayupo, Tamima ameshikwa na uchungu, na Maimuna pamoja na mtumishi Biti Kocho wanapaswa kuchagua kati ya amri ya mwenye nyumba na uhai wa mzazi. Wanamwita mkunga Farashuu. Maksuudi anarudi, na kinachomchoma ni kwamba amri yake imevunjwa. Katika kurasa chache watu kadhaa wamejulikana, kila mmoja kwa uamuzi aliofanya akiwa hana nafasi ya kutafakari. Maimuna, aliyekuwa kama kivuli, anaonekana kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu mwenye mikono.

Kando kidogo niseme: mambo haya hayamhusu kila mwandishi. Mohamed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko, utulivu na rafiki wa kumsindikiza, Najum, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na akampitisha riwaya baada ya riwaya bila kumbadilisha hata kidogo. Hakuna aliyelalamika. Mpelelezi ni wa kufichua wengine. Angeanza kupata misukosuko ya nafsi, kesi zingesimama.

Turudi Kwale, mwaka 1895, kwa sababu hapo ndipo Mzee wa Gazi alipokutana na uamuzi wake.

Mwezi Februari liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kampuni, ambayo ilikuwa inafungasha virago, ilimtambua mwanawe Rashid bin Salim kuwa mrithi, kijana aliyeelewana nayo. Kwa desturi ya ukoo, aliyekuwa na haki zaidi ni binamu mkubwa wa umri, na jina lake, kama kwamba historia ilitaka kumchosha msomaji, lilikuwa Mbaruk bin Rashid. Mbaruk bin Rashid wa Takaungu na Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Mhariri yeyote wa riwaya angeuandikia mswada huo kwa wino mwekundu: badilisha jina la mmoja. Nafikiri angekosea. Watu wawili wenye jina moja, mmoja kijana kiasi na ana madai, mwingine mzee aliyekwisha kudai maisha yake yote. Mzee anapomtazama mgeni anajiona alivyokuwa. Nani angeubuni mpango huo bila kuonekana anatia chumvi?

Mbaruk wa Takaungu alikataa uamuzi wa kampuni, akapigwa, akakimbia, na pamoja na nduguye Aziz akashuka kusini hadi Gazi kuomba hifadhi. Tarehe 1 Julai serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka kwa kampuni na kuifanya eneo la himaya yake, na Arthur Hardinge, mwakilishi wake mkuu, alitaka wakimbizi wakabidhiwe. Mzee wa Gazi alikuwa ameahidi utiifu. Aliahidi tena. Akachelewesha. Akatoa udhuru. Akaahidi mara nyingine.

Kuchelewesha huko ndiko ninakokutamani kama mwandishi. Ripoti zinakuchukulia kama hila, na hila ilikuwamo. Lakini fikiria yanayotendeka ndani ya nyumba siku hizo. Jamaa yako amekuja mlangoni kwako usiku, amekula chakula chako. Kwa mila ya Waarabu wa pwani, na ya Wadigo waliomzunguka vilevile, mtu wa namna hiyo hatolewi. Upande wa pili, wewe si kijana, umeshakimbia misituni mara moja na unajua misitu inataka magoti ya namna gani. Posho inakuja. Nyumba ni nzuri. Meli za kivita unazijua. Kila ahadi unayomtumia Mwingereza inakununulia siku moja zaidi ya kutokuwa na uamuzi, na kila siku inayopita, kwa sababu mgeni angali anakula kwako, inakuwa yenyewe uamuzi. Kuna watu hawaamui jambo kubwa. Wanaendelea kupakua chakula mpaka jambo linaamuliwa. Hiyo si sifa inayoingia kwenye jedwali, lakini mtu wa aina hiyo sote tunamjua.

Mwezi huo huo wa Julai majeshi yaliikalia Gazi, na Mbaruk akawa amekwenda Mwele. Tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson aliivamia Mwele na kuiteketeza. Mathews, yule yule wa 1882, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Unguja, alikuwapo na akajeruhiwa. Rawson mwaka uliofuata alilipiga mizinga kasri la Sultani huko Unguja, na Februari 1897 akaiteka Benin; Mwele kwake ilikuwa kituo cha kwanza. Wanajeshi walipewa medali zilizochongwa ukingoni jina la Mwele na mwaka. Kwa upande wa Waingereza, kisa kilikwisha kuandikwa kwenye fedha.

Hakikuwa kimekwisha. Vita viligeuka vya kuvizia, toka Kwale hadi nyuma ya Malindi, kwa miezi mingine minane hivi, hata ikabidi kikosi cha Wabaluchi kiletwe kutoka India. Sehemu hii ya habari ina mapigano mengi na mimi nitaipita mbio, kwa sababu mapigano hayamfichui mtu kama tunavyodhani. Risasi ikipigwa kila mtu hulala chini. Waandishi wanaotaka kutuonyesha ushujaa wa mhusika humpeleka vitani; wangemwacha mlangoni na mgeni wangetuonyesha zaidi.

Swali zito zaidi ni la jicho. Nani asimulie? Hardinge alisimulia, katika ripoti yake ya 1897 na baadaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1928, na alikuwa na kalamu nzuri. Tunaweza kumpa Mbaruk mwenyewe nafsi ya kwanza, lakini wenye nasaba hujieleza kwa nasaba, na kitabu kitakuwa orodha ya mababu. Mimi ningemtafuta mtu wa jikoni. Mashamba na nyumba za Wamazrui zilisimama juu ya kazi ya watumwa, na hakuna riwaya ya kweli kuhusu Gazi itakayoweza kuwaweka watu hao nyuma ya pazia kama wabeba sinia. Katika kitabu cha Shafi, mhusika asiyesahaulika si Fuad. Ni Kijakazi, anayemtumikia kwa moyo wote hata anapopigwa. Utiifu wake unauma kuusoma. Mwandishi alikuwa na shabaha ya kisiasa isiyofichika, na angeweza kumfanya Kijakazi ashtuke mapema, ashike jembe na kaulimbiu. Alimwacha aendelee kumpenda bwana wake, na kwa kufanya hivyo alituonyesha utumwa ulivyo ndani ya mtu kuliko hotuba yoyote iliyomo katika kitabu hicho.

Mtumishi wa Gazi wa Julai 1895 angeona mambo yasiyoingia katika barua za Hardinge. Wageni wangapi wamelala. Bwana amekula au amesukuma sahani. Nani ametumwa Vanga, na amerudi na uso gani. Anasikia kwamba Waingereza wanakuja na kwamba Waingereza, inasemekana, wanakomesha utumwa. Anasikia pia kwamba watachoma nyumba anayolala. Je, anaomba dua gani? Mwandishi akilijibu swali hilo kwa sentensi moja safi amempoteza. Akimfanya afungashe mzigo wake jioni na kuufungua asubuhi, siku mbili mfululizo, huku akiendelea kukuna nazi, basi sote tumeelewa.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka. Alikuwa na wafuasi zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwamo, waliochoka na wenye njaa, na akajisalimisha kwa Wajerumani. Alipelekwa kuishi Dar es Salaam. Takaungu ilibaki na Rashid. Gazi ilibaki bila mwenyewe. Historia inamwachia hapo, kwa sababu kumbukumbu za serikali humfuata mtu kadiri anavyoleta usumbufu, na Mzee wa Gazi hakuleta tena. Alifariki 1910.

Kati ya Aprili 1896 na kifo chake kuna miaka 14. Katika vitabu inachukua mstari mmoja. Kwa mwandishi wa riwaya hiyo ndiyo sehemu ngumu na yenye thamani, kwa kuwa hakuna tena tukio la kumbeba mhusika. Amebaki yeye na kichwa chake. Fasihi ya Kiswahili ilichelewa kuingia humo. Euphrase Kezilahabi ndiye aliyeufungua mlango vizuri. Katika Rosa Mistika (1971) bado tunamwona Rosa zaidi kwa matendo: ukali wa babake Zakaria kule Ukerewe, shule ya bweni, kisha uhuru ambao hakuandaliwa kuutumia. Katika Kichwamaji (1974) anampa Kazimoto nafsi ya kwanza, na sasa tuko ndani ya kijana msomi anayefikiri mpaka fikra zinamwondoa duniani. Wasomaji wengi walikasirika. Walizoea mhusika awafundishe kitu, huyu akawavuta chini pamoja naye. Lakini baada ya Kazimoto ilikuwa vigumu kurudi kwa Hasidi na Mwivu, na hata waandishi wa Kenya waliokuja baadaye, kama Ken Walibora katika Siku Njema (1996), ambamo Kongowea anajisimulia mwenyewe kutoka Tanga hadi Kitale, walikuta njia imeshafyekwa. Kongowea ana matumaini ambayo Kazimoto hakuwa nayo, na ndiyo maana vijana walimpenda, ila namna ya kukaa ndani ya kichwa cha mtu na kuona dunia kwa makosa yake ni ile ile.

Kwa hiyo muweke Mbaruk Dar es Salaam. Yuko kwenye pwani ile ile, bahari ile ile, kusi na kaskazi zinaleta majahazi yenye watu wanaojua Gazi. Anaishi chini ya hifadhi ya Wajerumani, ambao miaka michache kabla hajawasili walimnyonga Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi yao, huko Pangani kwa kosa linalofanana na lake. Hawezi kuwa hakulijua hilo. Je, analizungumza? Na nani? Wafuasi wanapungua, wengine wanakufa, wengine wanarudi kimyakimya ng'ambo ya mpaka kulima mashamba yao, na kila anayekuja kuaga analazimika kubuni sababu, na mzee analazimika kuikubali.

Kisha, Julai 1905, huko Umatumbini, watu wanang'oa pamba iliyolimwa kwa amri, na vita vya Maji Maji vinaenea kusini yote. Dar es Salaam inajaa askari na habari. Wapiganaji wanakwenda mbele ya bunduki wakiamini maji yatawakinga, wanakufa, na wengine wanakuja. Mzee aliyepigana na masultani wawili au watatu na dola ya Waingereza ameketi barazani, mgeni wa serikali inayowapiga, na barazani hapo wamekuja vijana wawili watatu, waliozaliwa uhamishoni au waliobebwa mgongoni siku ya kuvuka mpaka, wanamtaka aseme neno. Wanaijua Mwele kwa masimulizi tu. Mwandishi afanye nini na dakika hiyo? Akimpa hotuba, amemrudisha kwenye jedwali. Akimfanya anyamaze, atakuwa amechagua njia ambayo kila mwandishi ameshaipitia. Mimi ningemwacha aulize kitu: hao watu wa Umatumbini wanakula nini huko msituni, na nani anawapelekea. Ni swali la mtu aliyewahi kukaa msituni na watu elfu moja wenye njaa, na vijana, waliokuja kusikia habari za bunduki, hawatakuwa na jibu.